Malkia mmoja ni kijiji kizima: namna ya kulea sisimizi, na juu ya nini tusiwauze



Mvua ya kwanza ikinyesha hapa Kamina, kila mtu anajua kitu kinafuata. Jioni, kama umeme iko, taa inajaa wadudu wenye mabawa. Kama umeme hakuna, watoto wanawasha moto kidogo na kuweka beseni ya maji pembeni. Asubuhi bamama wako na nswa ku soko, wanapima na kikombe. Wote tumekula nswa tangu utoto, hakuna wa kutufundisha kitu juu yake.

Lakini wachache kati yetu wamewahi kukaa chini na kuangalia vizuri. Katikati ya yale mabawa mengi, kuna wadudu wengine wenye si nswa hata kidogo. Hao ni malkia na madume wa sisimizi. Wao pia wanangojea mvua, wao pia wanaruka siku moja tu mu maisha yao. Sisi tunawakanyaga na kuendelea na njia. Na huko ng'ambo kuna watu wanalipa feza mingi juu ya malkia mmoja tu wa aina fulani, ili wamuweke mu kichupa na kumuangalia akijenga ukoo wake.

Leo nataka tuongee juu ya mambo mawili. Ya kwanza: namna gani malkia mmoja, aliyeokotwa chini, anaweza kuzaa ukoo mzima mu nyumba yako. Ya pili: juu ya nini ile biashara ya kuwauza nje ni mutego kwetu vijana. Musiruke ya kwanza kufika ya pili, juu ya pili haieleweki bila ya kwanza.

KITU KILITOKEA KENYA

Tuanze na kesi yenye ilisikika dunia nzima. Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili Wabelgiji wa miaka 19 walikamatwa Kenya, mu nyumba ya wageni kule Naivasha. Hawakuwa na pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Walikuwa na sisimizi malkia karibu 5,000, wamewekwa mu vichupa 2,244, kila kichupa na pamba yake. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisema vichupa vile vilitengenezwa ili wadudu waweze kuishi humo hata miezi miwili. Mu kesi nyingine ya wakati uleule, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walikutwa na malkia kama 400.

Wote wanne walikubali makosa. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ilitoa hukumu: kila mmoja alipe shilingi milioni moja za Kenya, karibu dola 7,700, ao akae gerezani miezi 12. Angalia vizuri: yule Mkenya alipata hukumu ileile moja na wageni.

Malkia wengi kati ya wale ni wa aina inaitwa Messor cephalotes, sisimizi mkubwa mwekundu wa Afrika Mashariki mwenye kukusanya mbegu. Ni aina ya inchi kavu. Anaishi kwenye majani mafupi na udongo wenye jua kali, na ndugu zake wengi wa jamaa ya Messor wanaishi karibu na jangwa ama mu jangwa lenyewe. Wakati wa kesi, vyombo vya habari viliandika kwamba malkia mmoja wa aina ile anaweza kufika pauni 170 kule Uingereza. Piga hesabu yako mwenyewe mara 5,000, utaelewa juu ya nini watu wanapanda ndege kufuata mdudu.

Wengi walicheka. "Sisimizi? Bule tu, juu ya bidudu banafunga batu?" Hata mimi nilicheka kwanza. Lakini ukijua malkia ni kitu gani, kicheko kinaisha.

MALKIA NI KITU GANI

Kwanza tutenganishe nswa na sisimizi, juu watu wengi wanawachanganya. Nswa, kumbikumbi, ni mchwa. Mabawa yake manne ni ya urefu sawa, kiuno chake ni kinene, na pembe zake za kichwani zimenyooka. Sisimizi mwenye mabawa iko na kiuno chembamba sana kama kimekatwa na uzi, mabawa ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma, na pembe zake zimekunjwa kama kiwiko cha mkono. Tena mu mchwa kuna mfalme na malkia wanaishi pamoja miaka yote. Mu sisimizi mfalme hakuna. Dume anaruka, anafanya kazi yake siku ile, na anakufa.

Njo maana ile siku ya kuruka ni siku kubwa. Malkia kijana anatoka mu kichuguu cha mama yake, anakutana na madume hewani ao chini, anapokea mbegu zao na kuziweka mu mfuko mdogo ndani ya tumbo. Hataenda kwa dume tena maisha yake yote. Kila yai atakalotaga, atachagua: akilitia mbegu, litakuwa jike, maana yake mfanyakazi ama malkia wa kesho. Asipolitia, litakuwa dume. Dume la sisimizi halina baba.

Akishuka chini, anakata mabawa yake mwenyewe na miguu. Kisha anachimba shimo, anaingia na kujifungia. Mu jamii nyingi, kama hizo za Messor, hatatoka tena kutafuta chakula. Atakula nini? Atajila yeye mwenyewe. Ile misuli mikubwa ya mabawa mu kifua haina kazi tena, basi mwili unaiyeyusha pamoja na mafuta ya tumbo, na anawalisha watoto wa kwanza na kitu kile. Wiki nyingi, peke yake, mu giza, bila hata mbegu moja.

Watoto wa kwanza wakitoka ni wadogo sana kuliko wafanyakazi wa kawaida, juu chakula kilikuwa kidogo. Lakini wanafungua mlango, wanatoka, wanaleta chakula. Toka siku ile malkia hafanyi kazi nyingine tena kuliko kutaga.

Na anaishi muda gani? Mfanyakazi wa sisimizi wa mbegu anaishi kama mwaka mmoja. Malkia ni mambo mengine. Malkia mmoja wa aina ndogo nyeusi ya Ulaya, Lasius niger, aliishi karibu miaka 29 mu laboratware. Huko Arizona, Marekani, profesa Deborah Gordon amefuata vichuguu vya sisimizi wa mbegu tangu miaka ya 1980. Aliona kwamba ukoo unaanza kutoa malkia wapya ukifika kama miaka mitano, na unaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Malkia akikufa, ukoo wote unaisha naye, kidogo kidogo, mpaka mfanyakazi wa mwisho. Hakuna wa kumrithi.

Sasa rudi Naivasha. Vijana wale hawakuwa na wadudu 5,000. Walikuwa na vijiji 5,000 vyenye vilikuwa havijajengwa bado.

NAMNA YA KUMLEA

Watu wengi wanafikiri kulea sisimizi kunahitaji vyombo vya bei. Hapana. Kunahitaji uvumilivu, na hicho ndicho kitu kigumu.

1. Kumpata. Siku ya mvua ya kwanza ao siku inayofuata, tembea pole pole, macho chini. Tafuta sisimizi mkubwa, mwenye kifua kinene, anayetembea peke yake bila mabawa. Kama mabawa yamekatika, ni alama nzuri kwamba amekwisha kukutana na dume. Usichimbe kichuguu kutafuta malkia. Utaua ukoo wa miaka mingi, na mara nyingi hata malkia hutamuona, juu anakaa chini sana.

Tena usijaribu siafu. Malkia wa siafu hana mabawa, hajifungii peke yake. Siafu wanazaa ukoo mpya kwa kugawana: kundi kubwa linaenda na malkia mmoja, kundi lingine na mwingine. Malkia wa siafu peke yake mu chupa ni maiti inayotembea.

2. Nyumba ya kwanza. Chukua kichupa kirefu cha kioo kama kile cha laboratware. Kama hauna, bomba la sindano mpya ya farmasi, bila shindano yake, linafaa. Tia maji mpaka sehemu ya tatu ya urefu wake. Sukuma pamba mpaka iguse maji na ilowe, lakini maji yasipite. Muingize malkia. Funga mlango na pamba kavu, ili hewa ipite. Hiyo tu. Pamba yenye maji inampa unyevu na maji ya kunywa, pamba kavu ni mlango.

3. Giza na kimya. Funika kichupa na kitambaa ao karatasi, weka mahali pasipo kelele, mbali na redio na mlango wa kugonga. Joto la 24 mpaka 28 linafaa kwa aina nyingi za inchi yetu. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu wa Kamina unakuwa baridi, basi usimweke karibu na dirisha. Usimpe chakula. Usimfungue kila saa kuonyesha marafiki. Malkia akisumbuliwa anakula mayai yake mwenyewe, na hana akiba ya kuanza mara ya pili na ya tatu. Angalia mara moja kwa wiki, dakika moja, inatosha.

4. Kungojea. Kwanza utaona mayai, madogo meupe kama punje za sukari. Kisha watoto wenye mfano wa funza. Kisha mabumba. Wafanyakazi wa kwanza wanatoka baada ya mwezi mmoja na nusu mpaka miwili hivi, kufuatana na aina na joto. Malkia wengine watakufa bila kutaga. Hiyo si kosa lako siku zote, hata kule poroni wengi sana wanakufa.

5. Chakula. Wafanyakazi wakitoka, sasa ndiyo ulishe. Kwa wenye kukusanya mbegu, mbegu ndogo za majani, ulezi, mtama uliovunjwa. Wao wanatafuna mbegu mpaka inakuwa kama bugali, na wanawalisha watoto. Kwa wengine, kama jamaa kubwa ya Camponotus yenye inaenea Afrika nzima, tone la maji ya sukari, dogo sana, na kipande cha mdudu aliyekufa mara moja kwa siku mbili ao tatu. Chakula kikianza kuoza, toa. Ukungu unaua ukoo mdogo kuliko njaa.

6. Jangwa na maji. Hapa njo watu wengi wanakosea. Mtu anasikia "sisimizi wa jangwa", anafikiri anataka pakavu. Hapana. Jangwani juu ni moto, lakini malkia hakai juu. Anachimba mpaka afike udongo wenye unyevu. Anachagua siku ya mvua kuruka juu ya sababu ileile, udongo uko laini na maji yako karibu. Basi nyumba ya sisimizi wa inchi kavu inahitaji pande mbili: upande mmoja na unyevu kwa malkia na watoto, upande mwingine mkavu kabisa kwa mbegu. Mbegu zikilowa zinaota ao zinaoza. Ukiwapa pande zote mbili, wao wenyewe watapanga: watoto huku, stoo kule. Wewe utajifunza kwa kuwaangalia tu.

7. Kukua pole pole. Usihamishe ukoo wa wafanyakazi kumi mu nyumba ya ukoo wa elfu. Nyumba kubwa sana inawachanganya, uchafu unajaa kwenye pembe. Ngojea mpaka kichupa kijae. Mwaka wa kwanza unaweza kupita na wafanyakazi makumi machache tu. Mtu mwenye haraka hawezi hii kazi.

"LAKINI WENGI WANAKUFA TU, SASA UBAYA IKO WAPI?"

Hili ni swali la kweli, na watu wa biashara wanalitumia. Wanasema: malkia wapya wanatoka maelfu, karibu wote wanaliwa na ndege, mijusi na sisimizi wengine. Wewe ukichukua mia, umefanya ubaya gani?

Kwa mwanafunzi mwenye anaokota malkia wawili kwenye kiwanja cha universite, jibu ni: ubaya ni mdogo sana. Hapa nakubali. Lakini biashara haiokoti wawili. Biashara inakuja mahali pamoja, siku ileile ya kuruka, inalipa watoto na wakulima, inakusanya maelfu, na mwaka unaofuata inarudi palepale. Wengi wanakufa, ni kweli, lakini wachache wanaobaki wanatoka mu kundi lilelile unalolimaliza. Kichuguu cha zamani kikifa, nani atachukua nafasi yake? Na sisimizi wa mbegu ni wakulima wa poroni: wanabeba mbegu mbali, wanageuza udongo, wanaruhusu maji na hewa kuingia.

Kuna hatari nyingine, ya upande wa pili wa safari. Sisimizi aliyepelekwa kwenye inchi isiyo yake anaweza kuharibu kila kitu. Mfano iko karibu, kulekule Kenya. Mu Laikipia, sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, aliingia na kuua sisimizi wenyeji wenye walikuwa wanalinda miti ya migunga. Wale wenyeji walikuwa wanauma ndovu. Walipoisha, ndovu wakavunja miti. Miti ilipoisha, simba wakakosa mahali pa kujificha ili wavizie punda milia. Utafiti uliotoka mu jarida la Science mwaka 2024 ulionyesha kwamba punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba mwaka 2003, lakini mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Simba wakageukia nyati, ambaye ni mkali zaidi. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele amebadilisha chakula cha simba!

Basi kila kichupa kinachopanda ndege kinaweza kuwa na ukoo wa kuanza upya mahali pasipo adui wake. Tena wanunuzi wenyewe wanachoka. Mtu akichoka na mchezo wake, anafungua kichupa mu bustani.

NA SISI, SHERIA INASEMA NINI?

Wakati wa kesi ya Kenya sisimizi wale hawakuwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea. Walihukumiwa na sheria ya inchi. KWS ilisema wazi kwamba hii si mambo ya wadudu tu, ni wizi wa mali ya asili: mtu anachukua kiumbe cha inchi yako, anapata faida, na inchi haipati kitu.

Kongo nayo iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, inayosema kwamba mali ya viumbe ya inchi isichukuliwe bila ruhusa, na faida igawanywe. Na tuko na Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda mazingira ya asili, yenye inaongea pia juu ya ruhusa ya kuchukua viumbe na mali iliyo ndani yao. Basi mtu akikuandikia kwenye WhatsApp, "Ndugu, nitafutie malkia, nitakulipa vizuri," kumbuka yule Mkenya wa Nairobi. Mununuzi mkubwa yuko mbali, mu nyumba yake. Mwenye kukamatwa na vichupa mkononi ni wewe.

Najua kazi ni ngumu kupata. Najua mtu amemaliza lisansi na anauza kredi ya simu. Siwezi kumwambia mwenzangu kwamba njaa ni kitu kidogo. Lakini piga hesabu vizuri: mwenye kuokota anapewa kidogo, mwenye kuuza Ulaya anapata mingi, na mwenye kujua jina la mdudu, tabia yake na siku anayoruka, huyo njo anabaki na kitu chenye hakiishi. Sisi kila mara tunauza kitu chenyewe, tunaacha wengine wabaki na ujuzi.

HADITHI HII SI MPYA

Mwaka 1922, huko Marekani, profesa William Morton Wheeler alichapisha kitabu kikubwa juu ya sisimizi wa Kongo. Wadudu alioandika juu yao walikusanywa humu inchini na wasafiri wa makumbusho ya New York na wengine. Kati ya 1946 na 1949, Gaston-François de Witte na wenzake walizunguka mbuga ya Upemba, hii yetu, yenye iliundwa mwaka 1939. Walikusanya wanyama na wadudu wengi sana, na vitabu vyake vilichapishwa Brussels, kimoja baada ya kingine, miaka mingi.

Sisemi kazi ile ilikuwa mbaya. Bila wale watu tungekuwa hatuna hata majina. Lakini ona: wadudu waliondoka, majina yalitolewa kule, vitabu viko kule. Mwanafunzi wa Kamina anayetaka kujua sisimizi wa Upemba anapaswa kuuliza Ulaya. Na sasa, miaka karibu 80 baadaye, kijana anatoka Ulaya anakuja Afrika kuchukua malkia mu vichupa. Safari hii hata kitabu hakuna.

Tofauti ni kwamba leo sisi tuko na simu yenye kupiga picha, tuko na universite hapahapa Kamina, tuko na pamba na vichupa. Na mdudu wa jangwa mwenyewe ametuonyesha kwamba ujuzi mkubwa hauhitaji vyombo vikubwa. Kule Tunisia Rüdiger Wehner na watafiti wenzake walitaka kujua namna gani sisimizi wa jangwa, Cataglyphis, anarudi nyumbani penye hakuna mti wala jiwe la kumwongoza. Waliwagundisha wengine kwenye miguu vijiti vya nywele za nguruwe, wakawa na miguu mirefu. Wale walipita mlango wao na kwenda mbali zaidi. Wenye kufupishwa miguu walisimama kabla ya kufika. Maana yake sisimizi anahesabu hatua zake! Kazi ile ilitoka mwaka 2006 na dunia nzima iliisoma. Vyombo vyao: nywele za nguruwe, gundi na macho ya kuangalia.

KITU CHA KUFANYA MVUA IKIRUDI

Kwa wale wa biolojia, kilimo, mazingira na hata pedagojia, pendekezo langu ni hili. Mvua ya kwanza ikinyesha, usitoke na beseni tu. Toka pia na daftari. Andika tarehe, saa, mvua ilinyesha muda gani, joto kama uko na kipimo, mahali gani, taa gani. Piga picha ya kila aina uliyoona ikiruka. Okota malkia mmoja ao wawili, si zaidi, na uwalee kama tulivyosema. Kila wiki andika: mayai mangapi, watoto wangapi, mfanyakazi wa kwanza alitoka siku gani. Ukiwa umechoka naye, mrudishe palepale ulipomwokota, si mu mtaa mwingine, si mu mji mwingine.

Kama kumi kati yetu wakifanya hivi miaka mitatu, Kamina itakuwa na kalenda yake ya sisimizi wanaoruka. Hiyo ni TFC, na si moja. Ni kitu ambacho profesa wa mbali atapaswa kuja kutuuliza sisi, na kuandika majina yetu pembeni ya jina lake.

Na mwalimu wa sekondari mwenye hana laboratware hata kidogo, weka kichupa kimoja kwenye meza ya darasa. Watoto watakuuliza kila asubuhi: "Mwalimu, amekwisha kuzaa?" Nao watajifunza mabadiliko ya mdudu toka yai mpaka kukomaa, bila picha ya ubaoni.

Mama atakuuliza, "Weye, unafanya nini na ile bidudu mu nyumba?" Mwambie ukweli: ndani ya kichupa kile kuna mama mmoja aliyekata mabawa yake, akajifungia mu giza, akala mwili wake mwenyewe ili watoto wake wapate kusimama. Mama ataelewa haraka kuliko sisi wenye diploma.

Wenye wamekwisha kuona sisimizi wanaruka mwaka huu mu mtaa wenu, andikeni hapa chini: tarehe, saa, na mtaa. Tuanze kalenda leo.